Habari za Bwana Prosser

Saint-Josse, Brussels
17 Novemba 1991

Kwa Baba,

Shikamoo. Mimi huku mwili ni mzima, baridi tu ndiyo imeanza kuuma masikio. Naomba barua hii ikukute umesimama wima, na ule mgongo uliokusumbua wakati wa masika uwe umekuachia upalilie migomba yako kwa amani.

Uliniuliza kama bado niko ubalozini. Hapana, Baba. Walinivumilia mwaka mzima baada ya msiba wa Tito, kisha nafasi yangu akapewa mtu kutoka Dar. Hatukugombana. Sasa napiga chapa katika Bunge la Ulaya, lile wanamokutana wabunge wa nchi kumi na mbili. Niko katika ofisi ya mbunge mmoja Mwingereza, ingawa ukimwita Mwingereza akakusikia, utajuta. Yeye ni Mwelshi. Nchi yao iko ubavuni mwa Uingereza, ina milima, kondoo, mvua, na lugha yao wenyewe.

Jina lake ni Gethin Prosser, wa chama cha Wahafidhina, hao wanaotawala London. Amechaguliwa na wakulima wa kule mpakani mara tatu. Nilipomuuliza katibu mwingine kazi yake hasa ni nini, aliniambia, "Kazi yake ni kugombana." Nilidhani ni mzaha.

Wiki yangu ya pili alisimama katika kamati ya kilimo akaanza kusema Kiwelshi. Mwenyekiti akamwambia hakuna mkalimani wa lugha hiyo, hakuna anayemwelewa. Bwana Prosser akajibu kwa Kiingereza, "Basi kaeni msikilize bila kuelewa, kama bibi yangu alivyowasikiliza mahakimu maisha yake yote." Akaendelea. Mwenyekiti akamzimia kipaza sauti. Akaendelea bila kipaza sauti, maana ana kifua cha mtu aliyekulia kanisani. Watu wakaanza kuondoka, yeye akawa anawasemesha migongo yao.

Jioni nilimuuliza ninukuu vipi hotuba hiyo, kwa sababu nilitakiwa kuipiga chapa. Akanitazama. Akasema, "Andika kwamba nilizungumzia bei ya kondoo." Kisha akaniambia ukweli: Kiwelshi chake ni cha kanisani tu, hajui neno hata moja la biashara. Alikuwa amesali Baba Yetu mara nne.

Nami unaniuliza ninaendeleaje. Ninaamka, ninakula, ninapiga chapa, ninalala. Jirani yangu wa ghorofa ya chini, Maman Mwanvua, Mzairi wa Lubumbashi, juzi alinisimamisha kwenye ngazi: "Maman Georgina, weye haulie, haucheke. Unakuwa tu kama kiti. Bon, kuya tukule." Nikaenda tukala. Chakula kilikuwa kizuri, nadhani.

Bwana Prosser akipiga kelele siku nzima, siku inakwisha bila mimi kuitazama. Ndiyo maana nimebaki hapo.

Mkweo,
Georgina


Kyaka
20 Januari 1992

Mkwe wangu Georgina,

Marahaba. Sisi hapa tu wazima, mgongo upo kama mgeni asiyeaga, nimeuzoea. Mvua zimenyesha vizuri na buni imeshika. Je, wewe kifua? Nasikia baridi ya huko huingia kifuani kwanza.

Barua yako ilikuja baada ya Krismasi. Niliisoma pale ofisi ya ushirika, nikacheka hadi karani akatoka kuja kuona. Halafu nikaisoma tena nyumbani peke yangu. Baba Yetu mara nne. Huyo Bwana Prosa nampenda.

Unajua mimi nilikuwa mwenyekiti wa wakulima wa kahawa hapa. Mwaka mmoja meneja alikataa kutuambia magunia yetu yalikwenda wapi. Nikasema sitakaa chini mpaka aseme. Wenzangu wakakaa. Mkutano ukaendelea, mimi nimesimama. Wakaleta wali wa mchana, nikaula nimesimama. Jioni meneja akasema. Miguu ilivimba siku nyingi, marehemu mama yenu akawa ananikanda kwa maji ya moto huku akinitukana. Kwa hiyo watu wa namna hiyo nawajua.

Nataka uniambie: baba yake yu hai? Mtu anayepinga kila kitu mara nyingi alianza kupinga nyumbani.

Senene walikuwa wengi msimu huu. Nilikukaushia mfuko mmoja lakini posta wameukataa. Nimeula kwa niaba yako.

Baba yako mkwe,
Theophil


Saint-Josse, Brussels
6 Desemba 1992

Kwa Baba,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa, mwaka umepita kama ukuta unavyopita dirishani mwa treni. Sijaumwa. Vipi wewe, na macho? Mwandiko wako katika bahasha umekuwa mkubwa, nikahisi huenda huoni vizuri.

Uliniuliza juu ya baba yake Bwana Prosser. Sikuthubutu kumuuliza. Lakini mwezi wa kumi alinieleza mwenyewe, na ilikuwa hivi.

Serikali ya London, serikali ya chama chake, ilitangaza kwamba itafunga migodi mingi ya makaa ya mawe kwa mpigo. Kila mtu alijua Bwana Prosser ataunga mkono. Wakati wa mgomo mkubwa wa wachimbaji, miaka minane iliyopita, yeye ndiye aliyesimama kwenye televisheni akasema migodi ni mizigo na viongozi wa wachimbaji ni wapumbavu. Makofi aliyopata siku ile ndiyo yaliyomfanya ajulikane.

Mwezi wa kumi tulikuwa Strasbourg. Huko Bunge huhamia wiki moja kila mwezi, na masanduku yetu yote ya chuma nyuma yake. Akasimama akaitukana serikali yake mwenyewe. Alisema waliokaa London hawajui hata rangi ya kohozi la mchimba makaa. Wakalimani walisita kwenye neno hilo, nikawaona wakitazamana ndani ya vyumba vyao vya vioo. Wabunge wa chama chake walikaa kimya kama watu wa matangani. Waliopiga makofi ni maadui zake, naye akawageukia akawaambia waache, hakuyaomba.

Katika treni ya kurudi nilikaa naye. Nikamuuliza kwa nini.

"Baba yangu alikuwa mchimba makaa," akasema. "Chama cha wachimbaji ndicho kilichonilipia shule. Nilipojiunga na Wahafidhina, aliendelea kunimiminia chai kila nikienda nyumbani. Ila hakusema neno tena. Chai, na kimya."

Mzee huyo alifariki katikati ya mgomo ule. Bwana Prosser alikwenda kuzika. Akawakuta wachimbaji wamesimama langoni pa makaburi, bega kwa bega, wakiwa wamevaa suti zao za Jumapili. Hawakumpiga wala hawakumtukana. Hawakusogea tu. Akazunguka akasimama barabarani, nyuma ya ukuta, akasikiliza mazishi ya baba yake kutoka huko.

"Walipoanza kuimba," akasema, "niliimba nao. Sauti ya besi. Walikuwa na upungufu wa sauti za besi."

"Walikusikia?"

"Walinisikia. Hakuna aliyeacha kuimba, na hakuna aliyefungua lango."

Baada ya hotuba ile ya Strasbourg alipata barua moja kutoka kwa mchimbaji mzee wa kijiji chao. Ilikuwa na neno moja: Umechelewa. Bwana Prosser alinisomea majibu nikayapiga chapa, akayachana. Akanisomea mengine, marefu, akayachana. Ya mwisho yalikuwa neno moja pia, Ndiyo, na sahihi yake. Hilo nililitia bahasha.

Chama chake sasa hakizungumzi naye. Uchaguzi ni mwaka wa tisini na nne.

Mkweo,
Georgina


Kyaka
2 Machi 1993

Mkwe wangu Georgina,

Marahaba, mwanangu. Macho ni kweli, la kushoto lina ukungu, lakini la kulia bado linasoma barua zako. Wewe unakula? Hukuniambia unakula.

Vyama vingi vimefika na huku kwetu. Vijana walinijia wakitaka nisimame udiwani kwa chama chao kipya, kwa sababu wanasema mimi ni mgomvi. Niliwaambia ugomvi wangu ulikuwa wa magunia, nilijua nagombea nini.

Nimekaa na barua yako wiki mbili. Nilikuwa nataka kuandika habari za Bwana Prosa tu, kama kawaida yetu. Nikashindwa kupita pale alipo nyuma ya ukuta.

Yeye walau alisikia nyimbo. Mimi niliitwa posta nikapewa simu ya maandishi, imepigwa chapa kwa Kiingereza, mistari miwili. Tito amefariki kwa homa ya uti wa mgongo, daktari hakuruhusu mwili usafirishwe, amezikwa. Nilirudi nyumbani nikakuta watu wamekwisha kukaa uani, maana karani aliwaambia kabla yangu. Wakaniuliza tunachimba wapi. Tulikaa matanga bila kaburi. Mwanamume wa Kihaya humzika mwanawe kibanjani, kati ya migomba, akitupa udongo wa kwanza kwa mkono wake. Mimi sikutupa.

Sikulaumu. Ulifanya lililowezekana, na ulikuwa peke yako. Naomba kitu kimoja tu. Niandikie kaburi lilivyo. Lina msalaba wa nini, kuna mti karibu, ukisimama hapo unaona nini. Nikijua, nitaweza kulifikiri nikiwa nimelala.

Baba yako mkwe,
Theophil


Kyaka
28 Novemba 1993

Mkwe wangu Georgina,

Nakusalimu sana. Mimi mzima. Wewe sijui.

Karani wa posta ameanza kunikwepa, maana kila nikifika hana kitu. Kama nilikosea kukuuliza lile jambo, liache. Nimelifuta. Niambie tu habari za Bwana Prosa. Wamempa tena nafasi?

Baba yako mkwe,
Theophil


Saint-Josse, Brussels
10 Julai 1994

Kwa Baba,

Shikamoo. Naanza kwa kuuliza kabla ya kueleza: mko salama? Tangu Aprili tunasikia redioni habari za Rwanda, na wanataja Mto Kagera. Maman Mwanvua ameacha kufungua televisheni. Tafadhali niandikie hata mstari mmoja.

Hukukosea kuuliza, Baba. Nitakujibu humu humu, lakini nianze na Bwana Prosser, ndiyo njia yangu ya kufika.

Hawakumpa nafasi. Mkutano wa kuchagua mgombea ulikuwa mwaka jana, mwezi wa kumi, katika ukumbi wa mji mdogo wa soko kule kwao. Nilikwenda naye kubeba mafaili. Wajumbe walikuwa wazee watupu, wenye mashamba, wengi wao aliwahi kuwagombania mambo yao. Bibi mmoja mwenye kofia akasimama akamuuliza kwa upole kabisa, "Gethin, utaahidi kumuunga mkono waziri mkuu wetu?"

Angesema ndiyo, tungerudi na kiti chetu. Nilimwona jinsi alivyovuta pumzi.

"Nitamuunga mkono siku akiwa sahihi," akasema. "Siku hiyo ikifika, mama, nitakutumia kadi."

Hakuna aliyecheka. Wakamchagua kijana anayeuza bima, mwenye sauti nzuri. Yule bibi alikuja baadaye akamshika Bwana Prosser mkono akamwambia, "Ulikuwa mtu wetu." Yeye akamjibu, "Nilikuwa mtu wako mpaka saa hii ya chai." Bibi akaondoka akilia. Nilimwambia ndani ya gari kwamba hapakuwa na haja. Akasema najua.

Akasimama bila chama. Nilikwenda kumsaidia mwezi wa tano wote. Alizunguka minada ya mifugo akigombana na watu waliokuja kumwambia watampigia kura. Matokeo yalipotangazwa yeye alikuwa wa tatu. Lakini kura alizochukua zilimwangusha na yule kijana wa bima, kiti kikaenda kwa Chama cha Wafanyakazi, kile alichokipigia kura baba yake. Alisimama jukwaani na mvua ilikuwa inapenya kwenye hema. Akaniambia, "Mzee amepata kiti chake." Hakuwa na uchungu wala furaha. Nilimwelewa vizuri siku hiyo kuliko siku zote. Uso ule ninao mimi pia.

Sasa kaburi.

Barua yako ya Machi nilitembea nayo kwenye mkoba. Makaburi yapo upande wa Evere, basi moja tu kutoka hapa, na tangu siku ya mazishi sikuwa nimerudi. Nilipanda basi hilo mara nyingi nikashuka kabla. Mwaka jana mfalme wao alipofariki nilijiunga na foleni ndefu nje ya ikulu, watu wanabubujikwa na machozi, nikadhani labda nitajifunza hapo. Nilitoka kama nilivyoingia.

Nilifika Februari hii, tarehe aliyofariki. Baba, liko hivi. Ni safu ndefu, makaburi yamekaribiana. Lake lina msalaba wa mbao na kibati chenye jina, Tito limeandikwa sawasawa. Hakuna mti karibu, mti uko mwisho wa safu, mrefu, sijui jina lake. Ukisimama hapo unaona ukuta wa matofali na juu yake ndege zikishuka. Nyasi zimekatwa. Pamenyamaza.

Na mbele ya msalaba palikuwa na kijiti chenye karatasi ya manjano ya komini, yaani serikali ya mtaa. Huku kaburi la bure hukaa miaka mitano. Baada ya hapo hufukuliwa, mifupa huwekwa pamoja na ya wengine, na mahali hupewa mtu mwingine. Safu yote itafunguliwa baada ya Februari 1995. Hilo ndilo lililonifunga mkono. Uliniuliza kaburi likoje, ningekujibuje kwamba lina mwisho?

Wiki iliyopita tulikuwa tunafunga ofisi. Bwana Prosser aliiona karatasi hiyo juu ya meza yangu akauliza ni nini, maana Kifaransa hajui. Nikamweleza. Akavaa koti. Nikamwambia haina haja. Akasema, "Nimebakiwa na siku tisa za kuwa mheshimiwa. Twende."

Dirishani pale komini alikaa mama mmoja, Marie-Claire, mwenye miwani ya mnyororo. Bwana Prosser akaanza kwa Kiingereza, sauti ile ya kanisani. Akataka aambiwe ni nchi gani inayowafukuza hadi wafu. Akaniamuru nitafsiri kila neno.

Nikamwambia mama yule, "Bwana huyu anauliza kama kuna njia."

Akanitazama juu ya miwani. "Anauliza hivyo kwa sauti hiyo?"

Bwana Prosser akapiga kaunta kwa kiganja. Watu wakageuka. Marie-Claire akachukua kibao cha kufungia dirisha, na kabla hajakiweka akaniambia taratibu, "Rudi kesho, mama. Peke yako."

Tulipofika kwenye ngazi za nje alikaa chini. Mtu mzima, amevaa suti, kwenye ngazi za komini, wanawake wa Kituruki wanampita na mifuko yao ya soko. Akasema, "Nimekuharibia."

"Ndiyo," nikamjibu.

"Sijui njia nyingine."

"Najua."

Nikakaa naye kidogo. Kesho yake nilirudi peke yangu. Marie-Claire alinipa kiti akanieleza yote. Njia ni tatu. Tuache, wafanye kama walivyoandika. Au wamhamishie sehemu ya kudumu, papo hapo makaburini, hilo naliweza kwa malipo yangu ya kuachishwa kazi. Au, kwa kuwa miaka imepita na ugonjwa ule haupo tena, mifupa ifungwe ije nyumbani, kibanjani. Hilo pia tutaliweza. Ila wanataka idhini ya mzazi kwa maandishi.

Kwa hiyo ni wewe, Baba. Sisemi ninalopendelea, kwa sababu nikijitafuta ndani sioni kitu. Sijalia hata sasa. Nadhani umelijua hilo siku nyingi.

Mkweo,
Georgina


Kyaka
25 Septemba 1994

Mkwe wangu Georgina,

Marahaba. Mimi mzima, jicho la kushoto limefunga kabisa. Umepungua, si ndiyo? Naisoma barua naona umepungua.

Barua yako ilikaa Mwanza kwa sababu magari yote yanabeba chakula cha wakimbizi kwenda Ngara. Umeniuliza kama tuko salama. Sisi tuko salama. Nitakuambia yaliyopita hapa, halafu sitayasema tena.

Mwisho wa Aprili mto ulianza kuleta watu. Walipita chini ya daraja letu, mchana na usiku, wengine wamefungwa mikono. Wengi walipita kwenda ziwani. Wengine walikwama kwenye matete. Vijana waliingia siku ya kwanza wakatoka, hawakurudi. Ndipo tukaitwa sisi wazee. Padri alikuwepo, na shehe alikuwepo, maana hatukujua nani ni wa nani. Tuliwavuta kwa miti mirefu, tukachimba juu kidogo, mahali mto haufiki ukijaa.

Kila mmoja nilimtupia udongo kwa mkono wangu. Sikujua jina la hata mmoja. Nilikuwa nasema kimoyomoyo, mzazi wa huyu, popote ulipo, nimekutupia. Nilisema hivyo mpaka maneno yakawa ni sauti tu. Usiku nilikula nikalala. Nilikuelewa, mkwe wangu. Zamani nilidhani wewe una moyo mgumu, sikukuambia.

Siku moja, nimeinama, udongo umo mkononi, nikafahamu kwamba kuna mtu aliyenifanyia mimi hivyo hivyo. Alisimama kwenye baridi mahali nisipopajua, akamtupia mwanangu. Miaka yote nimesema Tito hakutupiwa udongo na mtu wa kwao. Alitupiwa. Ulikuwepo.

Basi jibu langu ndilo hili, na karatasi ya idhini nimeiambatisha, padri ameiandika kwa Kifaransa. Usimlete. Mhamishe. Nimewaona wafu wakisafiri, sitaki mwanangu asafiri hivyo. Mpe mahali pake huko huko, pasipo na karatasi ya manjano. Siku hiyo uwepo. Tupa mara mbili.

Na Bwana Prosa mwambie apate shamba agombane na magugu. Mtu wa namna yetu akikosa wa kubishana naye hufa mapema.

Baba yako mkwe,
Theophil


Saint-Josse, Brussels
26 Februari 1995

Kwa Baba,

Shikamoo. Nimepona mafua yaliyonilaza mwezi wa kwanza. Nakuombea jicho lililobaki, ulitunze, usisome jioni.

Tumemaliza. Ilikuwa Jumanne, asubuhi. Tulikuwa mimi, Padre Jérôme wa parokia, na Maman Mwanvua, aliyeniambia toka jana yake, "Mi nitakuya na weye, hata ukatae." Wafanyakazi waliweka pazia la turubai wakafanya kazi yao nyuma yake. Walipotoka walikuwa na sanduku dogo. Walitaka kulibeba kwa toroli. Nikawaomba nilibebe mimi. Wakatazamana, mkubwa wao akanipa.

Nilimbeba Tito kutoka safu ya zamani hadi mahali papya, Baba. Alikuwa mwepesi. Mahali pake pako karibu na ule mti mrefu. Nimeuliza jina lake, wanauita platani. Nilitupa mara mbili. Ya pili nilisema jina lako kwa sauti.

Sikulia. Maman Mwanvua alilia kwa wote, kwenye kituo cha basi, hadi mzee mmoja Mbelgiji akampa kitambaa. Mimi nilikuwa nimeshika koti langu, lina udongo kifuani. Halijafuliwa hadi leo.

Bwana Prosser alinipigia simu usiku wa siku hiyo. Anakaa kijijini kwao sasa, katika nyumba ya baba yake. Alisimama kugombea halmashauri ya kijiji, amepita. Nikampongeza. Akasema, "Hakuna aliyesimama kunipinga, Georgina. Niliandaa hotuba sita." Akasema mkutano wa kwanza walizungumzia taa ya barabarani, wakakubaliana wote, yeye pia, wakaenda nyumbani. Akaniuliza kama komini walileta ubishi wowote kaburini. Nikamwambia hapana. Akasema kama wangeleta, angekuja. Nikamwambia najua. Nadhani hatanipigia tena, na sina ubaya naye.

Mbunge mwingine, Mwairishi mpole, ameniomba niwe katibu wake. Sijamjibu.

Nataka kuja kukuona, Baba. Nimelifikiri tangu siku ile nikiwa na sanduku mikononi. Lakini sijui nije kama nani. Sina mtoto wa Tito wa kumshika mkono nikiingia uani kwako. Dada yako, Shangazi Evaline, aliniandikia mwaka ule wa msiba kwamba mwanamke asiye na mtoto, mume akifa, udugu umekwisha, niende na amani. Sikumjibu. Labda ni kweli. Niambie tu, nitaelewa.

Georgina


Kyaka
30 Machi 1995

Mwanangu Georgina,

Marahaba. Niko mzima. Leo sikuulizi afya, nitaiona mwenyewe.

Evaline alikuja hapa Jumapili. Nikamuuliza yale maneno aliyokuandikia. Akasema hayakumbuki. Nikamwambia vizuri, aendelee hivyo hivyo kutoyakumbuka. Amebaki siku mbili, amekandika chumba cha upande wa jua na kupaka chokaa. Hakuombwa.

Mjibu huyo Mwairishi baadaye. Panda ndege hadi Mwanza, halafu meli. Meli hufika Bukoba asubuhi. Usihangaike kutafuta gari la Kyaka, nitakuwepo bandarini. Nitavaa koti la kijivu. Nimepungua, na jicho ni moja, huenda ukanipita. Usiponitambua, simama tu na mzigo wako, usiende popote. Mimi nitakutambua.

Baba yako